'Kwa Njoroge's': Ritifaa isiyo na kazi

Kwenye mabango ya hoteli na vinyozi vya mitaani, aghalabu utasoma 'Karibu kwa Njoroge's' au 'Chapati za Mama Otieno's'. Katika mazungumzo nako husikika: "Tupatane kwa Njoroge's." Hiyo 's' na ritifaa yake zinafanya kazi gani hapo?

Katika Kiingereza, alama hiyo ndiyo inayotujulisha kwamba kitu ni cha Njoroge. Katika Kiswahili kazi hiyo ni ya a-unganifu, ambayo huchukua upatanisho wa kinachomilikiwa, si wa mmiliki: kiti cha Njoroge, viti vya Njoroge, chapati za Njoroge. Jina la Njoroge halibadiliki ng'o! Anayeongeza 's' amemilikisha mara mbili.

'Kwa' nayo ikitangulia jina la mtu hurejelea mahali pake, pawe nyumbani au dukani. Ndiyo maana Nairobi kuna Mukuru kwa Njenga, na hakuna aliyeona haja ya kuongeza 's'. Ukitaka kurejelea nyumbani kwao pamoja na jamaa zake, sema 'kwa kina Njoroge'.

Wapo pia wanaoandika *mama'ke na *baba'ke, wakidai kwamba kuna herufi zilizodondoshwa. Ni kweli zimedondoshwa, lakini mamake, babake, mkewe na mwanawe huandikwa bila ritifaa. Udondoshaji unaoonyeshwa kwa alama hiyo tuwaachie washairi wanaotafuta mizani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ritifaa hiyo hiyo tunayoimwaga ovyo, tunaiondoa panapostahili. Murang'a huwa 'Muranga', Ng'ang'a akawa 'Nganga'. Hili si pambo. Ng' ni sauti moja, nazali ya kaakaa laini, kama katika ng'ombe. Katika ngoma, nazali hiyo hufuatwa na /g/. Linganisha 'ng'oa' (toa kilichosimikwa) na 'ngoa' (wivu). Karani anayeacha alama hiyo anampa mtu jina jingine, na stakabadhi zisipolingana, mwenye jina ndiye hutumwa kutafuta hati ya kiapo.

Sasa mwandikie Ng'ang'a bango kwa mtindo wa mitaani: 'Kwa Ng'ang'a's'. Ritifaa tatu! Andika 'Duka la Ng'ang'a'. Zimebaki mbili, na zote ni za jina lake.