Arusi ya Mariamu: Filamu Fupi na Watungaji Wake Wawili

Filamu fupi haijapata kiti chake katika uhakiki wa Kiswahili. Hadithi fupi imekwisha kupewa heshima, na shairi la beti tatu halidharauliwi kwa sababu ya udogo wake. Walakini filamu ya nusu saa aghalabu huhesabiwa kuwa jaribio tu la mtu ambaye bado hajapata fedha za kutengeneza filamu ndefu. Kosa hili laonekana wazi itazamwapo Arusi ya Mariamu, filamu ya dakika 36 iliyotolewa mwaka 1985, kazi ya Nangayoma Ng'oge, Mtanzania, na Ron Mulvihill, Mmarekani. Filamu hiyo ilitunzwa mwaka ule ule katika tamasha la Ouagadougou, na Kiswahili chake hakikuwa pambo bali ndicho kilichoibeba.

Ushirika wa watu wawili katika picha za senema si jambo geni nchini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza picha fupi zipatazo 35 kwa ajili ya Waafrika, wakazipeleka kwa gari katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Mambo yake yalikuwa safura, kodi, kuweka akiba posta, kilimo bora. Waafrika walicheza mbele ya kamera na Kiswahili kilisikika, lakini neno la mwisho lilikuwa la wale wawili, na wote wawili walikuwa wageni. Baadaye, mwaka 1952, ilitokea Muhogo Mchungu, ambamo mchezaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hapo mwenyeji alipata uso na sauti. Lakini uso na sauti si kalamu.

Kwa hiyo, swali la haki la kuuliza juu ya Ng'oge na Mulvihill si kama walipatana. Swali ni nani kati yao aliyeshika maana. Ugomvi wa namna hii hauamuliwi kwa kusoma orodha ya majina mwishoni mwa filamu. Hauna budi kuamuliwa ndani ya filamu yenyewe.

Kisa ni chepesi kusimulia. Mariamu ni mgonjwa, hospitali hazikumfaa, na sasa ashauriwa kwenda kwa mganga. Lakini mganga ndiye amwogopaye kuliko ugonjwa, na hofu hiyo ina mzizi katika jambo la utotoni. Basi hadithi yote ni safari ya mwanamke kuelekea kitu akiogopacho. Filamu yaitwa arusi, na hali kiini chake ni maradhi: jina hilo lafanya kazi kubwa, kwa maana mtazamaji hungojea vigelegele na badala yake apewa uganga, mpaka aanze kuuliza ni nani hasa aozwaye, na kwa nini. Anayejua kwamba katika ngoma za pepo mtu huitwa kiti cha pepo hatashangaa kuona tiba na ndoa zikikaa jirani.

Mtu wa kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa hahitaji kufafanuliwa haya. Njia ya kwenda hospitali ya Liuli na njia ya kwenda kwa mganga zaanzia mlango mmoja, na mara nyingi ndugu wale wale ndio wampelekao mgonjwa kotekote. Hapo ndipo lilipo jibu la swali. Arusi ya Mariamu haina mtu wa nje wa kuuliza kwa niaba ya watazamaji wa mbali. Hakuna anayemgeukia mgeni na kumweleza mganga ni nani. Filamu yamchukua mtazamaji kama jirani. Yeyote aliyeshika kamera, maana ilishikwa na mwenyeji.

Mfano wa pili wathibitisha haya kwa kinyume. Mwaka 2001 Mulvihill, safari hii pamoja na Martin Mhando, alitoa Maangamizi: The Ancient One, filamu ndefu ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar, ikiwa ya kwanza kutoka nchini. Amandina Lihamba, aliyecheza pia katika Arusi ya Mariamu, ndiye Samehe, mgonjwa asiyenena katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Tena ni mwanamke, tena hospitali yashindwa, tena wazee wa kale wahitajiwa. Lakini sasa yupo daktari Asira, Mmarekani mweusi, na mambo mengi yapitia machoni pake. Filamu ina uzuri wake, na ukimya wa Lihamba wasema mengi kuliko maneno ya wenzake. Hata hivyo urefu umeleta mkalimani, na mkalimani amepunguza ujirani. Kile ambacho mwaka 1985 kilijulikana, sasa chaelezwa.

Si kwamba mgeni ni sumu. Huko Ireland, mwaka 2003, Daniel O'Hara alitengeneza filamu fupi, Yu Ming Is Ainm Dom, juu ya Mchina ajifunzaye Kiairishi kisha afika Dublin asipate wa kusema naye. Mgeni huyo ndiye awaonyeshaye wenyeji hali ya lugha yao. Kazi ya mgeni yategemea amewekwa wapi.

Amil Shivji naye alianza kwa filamu fupi, Shoeshine (2013) na Samaki Mchangani (2014), kabla ya kufika kwenye Vuta N'Kuvute (2021), ambayo mswada wake aliutunga pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini. Hofu ya kupotea kwa lugha ingeweza kurudi hapo. Lakini nyuma ya watungaji hao wawili palikuwa na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Shafi alikuwa mtu wa tatu mezani, na sauti yake ndiyo iliyosikika zaidi.