Steringi Anapokufa

Kanuni ya kwanza ya kibanda umiza, ule ukumbi wa video wa mtaani, anaijua kila mtoto aliyewahi kuingia humo na sarafu yake mkononi: steringi, shujaa wa picha, hafi. Atachezea kichapo, atapigwa risasi, ataanguka kutoka ghorofani, lakini picha haiishi kabla adui hajalala chini. Sasa tia kwenye deki filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979 inayofuata Injili ya Luka, Brian Deacon akiwa Yesu. Steringi anakamatwa bila kurusha hata ngumi moja. Anatemewa mate, hajibu. Anakufa. Benchi la mbele limejaa watoto wa Kasense, hapa Sumbawanga, wanaokijua kisa chote kwa katekisimu, na bado wanasubiri ageuze kibao. Mtafsiri mwenye maiki, anayeisimulia picha papo hapo, ana mtihani ambao hata paroko hana. Paroko huhubiria waliokuja kusali. Huyu anaongea na waliokuja kuona ngumi.

Nilimsikia mmoja akiupita mtihani huo. Bustanini, upanga ulipochomolewa na mtumishi wa kuhani mkuu akakatwa sikio, kibanda kizima kilishangilia: hatimaye, picha imeanza! Mtafsiri aliwaacha washangilie mpaka wachoke. Yesu alipoligusa lile sikio likapona, akashusha sauti, akasema kama mfuasi aliyebaki na upanga mkononi: "Bosi, sasa mimi nifanye nini?" Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Maneno hayo hayamo kwa Luka, wala hayamo kwenye filamu. Ila sijasikia mahubiri ya Kwaresima yaliyoliweka swali la mfuasi wazi kiasi hicho.

Na filamu yenyewe ilikuwa tayari imetiwa Kiswahili. Kila mtu mle ndani alielewa kinachosemwa. Mtafsiri aliongea juu ya Kiswahili kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu hakuna aliyelipa kiingilio ili afafanuliwe maneno. Walitaka mtu wa kutazama nao.

Ufundi huu una wakuu wake. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye sauti yake ilizunguka nchi ndani ya kanda za VHS. Siku hizi kuna DJ Mack na DJ Murphy. Kenya wana DJ Afro. Waganda wanawaita wao VJ. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, aliyeandika juu ya watafsiri wa Tanzania, aliipa makala yake jina la kugeuza mchele kuwa pilau. Mfano umekaa vizuri, ila unasahau jambo moja: pilau hupikwa jikoni, mlaji hayupo. Mtafsiri wa kibandani anapika mbele ya wenye njaa, na wakinuna anajua papo hapo.

Filamu za dini ndizo zinazompima kuliko zote, maana humo kila mtazamaji amekuja na mama yake, bibi yake na mwalimu wake wa mafundisho, hata kama wamebaki nyumbani. Chukua The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Kwa heshima ya Uislamu, Mtume haonekani wala hasikiki. Wahusika wanazungumza wakiitazama kamera, kisha wao wenyewe wanarudia alichowajibu. Mtafsiri aliyezoea kuwapa watu wote sauti anakuta mtu mmoja ambaye hapaswi kumpa sauti kabisa. Mwenye kipaji hunyamaza hapo, akawaachia waliopita madrasa wanyamaze naye. Mwenye pupa hujaza kimya kile kwa porojo, na mimi nikimsikia huyo huinuka nikaondoka.

Au chukua The Passion of the Christ ya Mel Gibson, ya mwaka 2004. Mazungumzo yake ni ya Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, kwa hiyo hata Mmarekani aliyeitazama kwao ilibidi asome maandishi chini ya picha. Kwa mara moja Hollywood na Kasense tulikuwa sawa! Sawa kasoro kidogo, kwa kweli. Askari wa Kirumi mle ndani wanatamka Kilatini kwa matamshi ya kanisani, na Ufipa, nchi yetu hii, ni jirani ya Karema, ambako Mapadre Weupe walifika mwaka 1885. Mzee aliyetumikia misa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano anasikia sauti ya altareni ikitoka kwa mtu mwenye mjeledi. Hilo hakuna maandishi ya chini yatakayomfafanulia. Linahitaji mazungumzo.

Ukitafuta mzazi wa mtafsiri, mtazame katekista amesimama kando ya picha kubwa ya rangi iliyotundikwa ukutani, fimbo mkononi, akieleza moto ni wa nani na mabawa ni ya nani. Nyuma yake kuna wasimuliaji wa Kifipa, ambao Roy Willis aliandika sanaa yao ya kusema katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978. Serikali ya kikoloni na misheni pia zilijaribu njia yao. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri karibu na Korogwe, kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika, chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za Shirika la Carnegie. Filamu hazikuwa na sauti, hivyo maelezo yalirekodiwa kwenye santuri na kuchezwa sambamba na picha, na gari likazunguka nazo hadi Kenya, Uganda na Nyasaland. Santuri ina kasoro moja isiyotibika: haisikii watu wakicheka.

Ndiyo maana podikasti nyingi za filamu na imani zinanichosha. Wawili wanakaa na maiki mbili, mmoja anasema alilelewa kwenye dini kali, mwenziwe anaitikia "kweli kabisa", na saa nzima inapita bila mtu kupingwa. Hiyo ni santuri ya Vugiri kwenye simu janja. Mtangazaji Salama Jabir nampenda kwa sababu tofauti. Tangu enzi za Mkasi, kipindi kilichorekodiwa kwa kinyozi, hadi Salama Na, yeye huwa anamsikia aliye mbele yake, na swali lake la pili hutoka kwenye jibu la kwanza.

Basi kijana wa Sumbawanga unayetaka kuanzisha podikasti yako ya muvi na malezi ya dini, kabla hujanunua vifaa lipa kiingilio kwanza. Kaa benchi la nyuma, watazame watazamaji, uone ni wapi wanashangilia na ni wapi wanaona aibu kushangilia. Na wewe uliyebaki na kanda za Lufufu kabatini, usizitupe: tafuta mtu azihamishie kwenye kompyuta mwaka huu huu, kwa sababu VHS huota ukungu, na ikishaota, sauti ndiyo imeondoka.