Usukani wa Nyuma

Gari bovu likivutwa Uvira, sifa zote humwendea wa mbele. Pikapu inanguruma, kamba inakaza, matope yanaruka, watoto wanashangilia. Aliyeketi ndani ya gari bovu, mguu juu ya breki, hatazamwi na mtu. Mimi namsifu yeye kwanza. Wa mbele nitamsifu pia, mradi awe anajua kukataa.

Barabara ya Taifa namba 5 inatoka Bukavu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, inajipinda kwenye kingo za Ngomo hadi Kamanyola, inanyooka katika bonde la Ruzizi, inapita Luvungi na Sange, kisha inafika Uvira, ambako Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773. Ukipita bandari ya Kalundu kuelekea Makobola na Baraka, inabanwa kati ya milima ya Mitumba na maji. Mvua ikinyesha, vijito hushuka na mawe yake. Magari yanayokwama humo yamebeba simenti, magunia ya unga, bidoni za mawese, na watu juu ya vyote hivyo.

Land Cruiser pikapu, ambayo huku ndiyo jibu la kila swali, Toyota imeikadiria kuvuta hadi kilo 3,500. Madereva wengi huishia kwenye namba hiyo. Lakini ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, mwisho ni kilo 750. Injini ni ile ile, fremu ni ile ile. Kilichopungua ni uwezo wa kusimama. Hiace tupu tu inapita tani moja na nusu, kwa hiyo kinachoigeuza kuwa mzigo halali ni yule mtu wa nyuma na mguu wake.

Na mguu huo una kazi. Injini ikiwa imezimika, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu, na usukani wa haidroliki unataka mabega. Inampasa aguse breki mapema, kabla ya mwenzake, ili kamba isilegee. Kamba iliyolegea ikikazwa ghafla hung'oa ndoano, na waya ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mguu. Anayejua hutupa koti zito au gunia la mchanga katikati ya waya, na huwasogeza watu mbali. Kuwasogeza watu ni nusu ya ufundi. Sange inakumbuka tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, wakafa watu zaidi ya 230. Baadhi yao walikuwa wamesogea karibu.

Mteremkoni kamba haifai kabisa. Kwenye mwinamo wa asilimia 10, kila tani inasukuma kuelekea chini kwa nguvu ya karibu kilo 100. Kamba huvuta, haizuii. Ngomo panataka mti wa chuma kati ya magari mawili, gia ya chini, na injini yenyewe ishike mwendo.

Lori la Fuso ni habari nyingine. Hata likishushwa mzigo wote, bado ni zito kuliko pikapu ilivyoruhusiwa. Likiwa na breki za upepo, upepo ukiisha springi hufunga magurudumu, na likivutwa mbali bila kufungua kardani, gia boksi huzunguka bila mafuta kurushwa juu, ikaungua. Hapo pikapu ikae pembeni, liitwe lori jingine, au Tirfor, ile mashine ya mkono, ilitoe matopeni sentimita kwa sentimita.

Ndiyo maana fundi mzuri hupoteza wateja. Anazunguka gari, anachungulia chini ya turubai, anasema: shusheni kwanza. Abiria wanaguna. Mwenye mzigo anahesabu fedha za wapagazi na giza linaloingia, na pembeni kuna kijana mwenye pikapu nyingine anayesema twende tu, Mungu yupo. Mara nyingi kijana ndiye anayepewa kazi. Na niseme kweli, kutoka Sange hadi Uvira anafika, maana bonde ni tambarare na kamba yake bado haijakutana na mteremko.