Kambi Isiyorusha Ndege

Chicksands, mkoani Bedfordshire nchini Uingereza, ilikuwa kambi ya jeshi la anga kwa zaidi ya nusu karne bila kuwa na njia ya kurukia ndege. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walinasa hapo ujumbe wa redio wa Wajerumani na kuupeleka Bletchley Park ukafumbuliwe. Mwaka 1950 wakaingia Wamarekani, masikio yakageuzwa kuelekea Urusi ya Kisovieti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walisimamisha duara kubwa la antena, ambalo watu waliliita kizimba cha tembo. Waliondoka 1995, na mwaka uliofuata duara likabomolewa.

Historia za kambi hii nilizozisoma zinapenda sana kupima: antena ina urefu gani, duara lina upana gani. Zikifika kwenye kazi yenyewe, zinanyamaza. Siwalaumu askari, kwani kiapo ni kiapo. Ninaloliona kasoro ni mwandishi kuuziba ukimya huo kwa vyuma, kisha akatuambia kwamba hadithi imekamilika.

Ndani ya uzio uleule lipo jumba la kale. Humo, miaka ya 1650, Dorothy Osborne alimwandikia William Temple barua za siri, maana ndugu zake hawakuitaka posa yake. Barua zake zaidi ya 70 zimehifadhiwa. Za Temple karibu zote zimepotea. Katika historia za kambi, Dorothy hupewa aya moja ya mapambo kabla ya wanajeshi kuingia.

Mimi naona yeye ndiye anayetufundisha namna ya kuisoma kambi. Tunaposoma barua zake tunajua upande mmoja haupo, na kila jibu lake linatulazimisha kujiuliza Temple alisema nini. Historia za Chicksands hazijiulizi swali hilo. Zina msikilizaji mwenye sare, zamu na kumbukumbu. Opereta wa Kijerumani au wa Kisovieti aliyekuwa akigonga mosi usiku kucha, bila kujua anadukizwa, hana hata sentensi moja. Hadi atakapotafutwa, tunachosoma ni nusu ya mawasiliano, na mwandishi anayeijua kazi yake angetuambia hivyo tangu ukurasa wa kwanza.