Gomeri Anapopewa Sauti: Maoni Yangu kuhusu Redeeming Love

Wahakiki wengi huzitia riwaya za mapenzi katika fungu la riwaya pendwa, kisha hawazigusi tena. Redeeming Love, ya Mmarekani Francine Rivers, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991, imenifanya niitilie shaka desturi hiyo.

Riwaya hii imejengwa juu ya kisa cha nabii Hosea, aliyeamriwa na Mungu amwoe Gomeri, mwanamke mzinzi. Hosea alimkomboa mkewe kwa vipande 15 vya fedha na shayiri. Rivers anakihamishia kisa hicho California ya miaka ya 1850, watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Nabii anakuwa Michael Hosea, mkulima. Gomeri anakuwa Angel, aliyeuzwa kwenye ukahaba angali mtoto.

Kilichonifurahisha zaidi ni sauti ya Angel. Katika Biblia, Gomeri hasemi hata neno moja. Tunamjua kwa dhambi zake, mumewe na watoto wake. Rivers anampa utoto, hofu na ulimi mkali. Kila anapotoroka shambani kwa Michael, sababu tunaijua: hajawahi kuona mwanamume asiyedai malipo, hivyo wema unamtisha kuliko kipigo. Hapo niliacha kumhukumu, nikawa namsubiri arudi.

Hata hivyo, kasoro zipo. Michael anafunga naye ndoa akiwa amepigwa hadi hajiwezi. Je, huo ni ukombozi au ni kubadilishiwa mmiliki tu? Isitoshe, Michael ni mwema kupita kiasi, mhusika bapa anayewakilisha upendo wa Mungu kuliko anavyowakilisha mkulima wa kawaida.

Swali hilo la ukombozi, kwa maoni yangu, linajibiwa mwishoni. Katika Biblia, Hosea ndiye anayekwenda kumrudisha mkewe. Katika riwaya, safari ya mwisho Michael hamfuati. Angel anakaa San Francisco kwa miaka kadhaa akiwasaidia wasichana waliopitia maisha kama yake, kisha anarudi kwa hiari yake na kumtajia mumewe jina lake halisi, Sarah. Ndoa iliyofungwa bila ridhaa kamili inaipata ridhaa hiyo siku ile.

Huu ni mwingilianomatini wa kweli: mwandishi harudii kisa cha kale tu, bali anakiuliza swali ambalo chenyewe hakikuliuliza, yaani, Gomeri mwenyewe alitaka nini?