Kusahihishana Maandiko

Hapa Nakwa, karibu na mji wa Babati, tumo wachache tukutanao Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili kusomeana tuliyoandika. Wengi wetu ni walimu, wengine wakulima, na mama mmoja ni mshonaji. Huenda msomaji akadhani kwamba taabu ya watu kama sisi ni uchache wa maandiko. La, taabu yetu ya kwanza ilikuwa wingi wake. Siku moja mwalimu mmoja alileta hadithi ya kurasa 23, akaisoma hata jua likachwa, na wenzake wawili wakarudi kwao na karatasi zao mfukoni.

Basi tukaweka mpaka: kurasa tatu kwa mtu, waandishi wawili kwa mkutano, na asiyesoma kazi za wenzake asilete yake. Wako walionung'unika kwamba hadithi si kitambaa cha kukatwa, nasi twakiri walikuwa na haki kidogo, maana mwanzo uliosomwa Januari husahauliwa kabla ya mwisho kusomwa Mei. Kwa hiyo mwenye hadithi ndefu hupewa nafasi ya mistari kumi kukumbusha yaliyotangulia. Hayo yalitengenea upesi.

Lililo zito ni namna tulivyosahihisha. Kijana mmoja, ambaye lugha ya mama yake ni Kigorowa, aliandika habari za bibi yake katika mafuriko ya Ziwa Babati ya mwaka 1990. Tulimshika kila mmoja kwa zamu yake: hapa neno halipatani na jina lake, pale herufi imepungua. Tulihesabu makosa 41. Hapana hata mmoja aliyeuliza kwa nini yule bibi alirudi ndani ya maji kuchukua jiwe la kusagia akaiacha sanduku ya nguo. Kijana alitushukuru kwa adabu, akakunja karatasi zake, na tangu siku ile hakuleta neno.

Kosa hili si letu peke yetu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilipitia maandiko ya vitabu vya shule, ili Kiswahili chake kifuate kanuni moja iliyojengwa juu ya Kiunguja. Faida yake ni kubwa, nasi tunaila hata leo kila tufunguapo kitabu. Lakini kupima tahajia ni kazi moja, na kupima jambo lenyewe ni kazi nyingine. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi walijibizana kwa mashairi. Aliyejibiwa hivyo, hata kama alipingwa vikali, alijua kwamba amesikiwa. Nafasi ya ukurasa nayo iliwazuia wote wasipayuke.

Sasa twafanya hivi. Msomaji wa kwanza hueleza kwa maneno yake mwenyewe alilolisikia. Mara nyingi mwandishi hushangaa, na mshangao huo humfundisha kuliko maonyo yetu. Kisha kila mtu hutaja kosa moja tu, lile analoliona kubwa. Ya tahajia hutiwa alama kwa kalamu ya risasi, na karatasi hurudishwa kimya. Wako waliotaka tusifu tu, tusije tukavunja moyo wa mtu. Hao hatukuwafuata, maana sifa za bure ni uvivu wenye adabu. Anayetushinda sote ni yule mama mshonaji. Juzi alimwambia mwalimu mzima, "Sikuona mlango wa nyumba hiyo uko upande gani," na mwalimu akaenda kuandika upya ukurasa mzima.

Tulikwenda kwa yule kijana, tukamwuliza habari za jiwe la kusagia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bibi yake aliletewa jiwe lile na mama yake alipoolewa. Hilo halikuwamo katika karatasi zake. Jina lake tumeliandika katika orodha ya mwezi ujao, kurasa tatu. Bado hajatujibu.