Sura Iliyorudi: Mshabiki na Marejeo ya Doctor Who

Tamthilia ya televisheni ya Doctor Who, iliyoanza kuonyeshwa na BBC ya Uingereza tarehe 23 Novemba 1963, ina kanuni moja iliyo mhimili wa msuko wake: mhusika mkuu, Doctor, anapokaribia kufa huzaliwa upya akiwa na sura na hulka nyingine. Kanuni hii ilizuka mwaka wa 1966 kwa sababu isiyokuwa ya kisanaa hata kidogo. William Hartnell alikuwa amedhoofika kiafya, na nafasi yake ikachukuliwa na Patrick Troughton. Hata hivyo, kilichoanza kama hila ya watayarishaji kiligeuka kuwa falsafa ya matini nzima. Mshabiki alifunzwa kupenda, kisha kuachilia.

Ni kwa msingi huu ambapo marejeo ya 2005 na yale ya 2023 yanapaswa kutofautishwa. Tamthilia ilikatizwa mwaka wa 1989, na filamu ya 1996 haikufaulu kuifufua. Russell T Davies alipoirudisha mwaka wa 2005 hakujifanya kwamba miaka hiyo haikupita. Doctor aliyeigizwa na Christopher Eccleston ni manusura wa vita vilivyoangamiza jamii yake. Yaani, pengo lililokuwa nje ya matini linafanywa msiba ndani ya matini. Mshabiki aliyeiomboleza tamthilia alimkuta mhusika mwenyewe yumo matangani.

Mwaka wa 2023 mambo ni kinyume. Tamthilia haikuwa imekoma. Waliorudi ni Davies na mwigizaji David Tennant, ambaye Doctor wake aliaga tarehe 1 Januari 2010 akilalamika kwamba hakutaka kuondoka. Sasa anarudi, na inapowadia zamu yake katika The Giggle, haondoki. Doctor anagawanyika kuwa wawili: mmoja, Ncuti Gatwa, anaendelea na safari, na mwingine anabaki bustanini akila na jamaa ya Noble. Kanuni ya 1966 inavunjwa, na anayelipa gharama ni Gatwa, mzaliwa wa Kigali na mwigizaji wa kwanza Mweusi kukabidhiwa uongozi wa tamthilia hii. Anaingia jukwaani ilhali mtangulizi wake hajatoka.

Lakini kuna suala la Donna Noble. Mwaka wa 2008, karani huyu wa kibarua wa London alifutiwa na Doctor wa Tennant kumbukumbu zote za safari zao ili asife, huku akimsihi asifanye hivyo. Kwa miaka 15 mshabiki alibaki akiyakumbuka yale ambayo mhusika mwenyewe alilazimishwa kuyasahau. The Star Beast inamrudishia Donna kumbukumbu zake, naye anaishi. Fidia hiyo isingekamilika bila sura ya Tennant, kwani ndiyo iliyomkosea. Kwa hiyo furaha ya mshabiki na kinyongo chake vina chanzo kimoja, na ni vigumu kuona jinsi angeweza kupata kimoja bila kingine.

Gatwa naye alipoondoka tarehe 31 Mei 2025, baada ya misimu miwili tu, sura iliyochomoza ilikuwa ya Billie Piper, aliyekuwa Rose wa 2005. Safari hii hapakuwa na Donna wa kurudishiwa chochote.